Kesho na Pikapu ya Balozi

Watu wa mazizini walimwita Bi Hatamu kwa sababu ya mkono wake wa kulia. Hata akiwa sokoni anachagua nyanya, mkono ule ulikaa umekunjwa usawa wa kifua, vidole vimefumbwa, kana kwamba nyuma yake kuna farasi anayemfuata taratibu. Mume wake, mshona viatu asiyependa maneno, aliwahi kusema kwamba tangu waoane hajafanikiwa kutembea ubavuni mwa mke wake; kila akijaribu hujikuta amebaki hatua moja nyuma. "Na pumba sipewi," aliongeza, kisha akanyamaza hadi Ijumaa.

Kazi aliianza akiwa na miaka ishirini na mitatu, kwa kuosha ndoo. Sasa alikuwa na hamsini na minne, na mambo ya farasi aliyajua kama nyumba yake. Aliyeamka na kinyongo alimtambua kwa namna alivyopumua. Anayejisingizia kuchechemea alimtambua pia, kwa kuwa anayejisingizia husahau ni mguu gani. Nywele zake zilinukia majani makavu hata siku ya harusi, na begani alikuwa na kovu la meno aliloonyesha wageni kama wengine wanavyoonyesha picha za wajukuu.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja, nao ulikuwa na miguu minne.

Alikuwa farasi wa rangi ya hudhurungi, mwenye soksi nyeupe mguu mmoja wa nyuma. Kwenye karatasi zake aliandikwa jina refu lenye radi na ufalme ndani yake, lakini pale mazizini kila aliyeulizwa atashinda lini tena alijibu neno moja, na neno hilo likawa jina lake: Kesho. Miaka miwili nyuma alikuwa ameshinda mara nne katika msimu mmoja. Kisha mbio zikamkauka kama maji ya bomba. Daktari wa mifugo alimpima damu, kwato na mapafu, akasema mnyama ni mzima kuliko yeye mpimaji. Wakambadilishia viatu, wakambadilishia chakula, wakambadilishia mpandaji. Wapi. Wenzake wakifika mwisho, Kesho alikuwa bado njiani, anatembeza macho huku na huku kama mtu aliyetoka kununua gazeti.

Jumanne ya wiki ile mwenye farasi alikuja zizini. Alikuwa daktari wa meno, mtu mpole, na alizungumza kwa sauti ileile anayomwambia nayo mgonjwa kwamba jino haliokoki.

"Bi Hatamu, nimevumilia vya kutosha. Jumamosi akishika mkia tena, Jumatatu yule bwana wa mchanga anakuja kumchukua."

Bi Hatamu alimjua bwana wa mchanga. Alikuwa na farasi wawili wa kuvuta mkokoteni kutoka bondeni mwa mto, na migongo yao ilikuwa imebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilichokaliwa na ukoo mzima.

"Na asiposhika mkia?" aliuliza.

"Akiwa wa saba kati ya wanane, anabaki. Sitaki makuu."

"Neno, Daktari?"

"Neno."

Daktari alipoondoka, Bi Hatamu alisimama mbele ya Kesho kwa muda. Kesho alimnusa mfukoni, akakuta hamna kitu, akageukia ukuta.

Jumamosi asubuhi, walipofika uwanja wa mbio, walikuta magari.

Hayo yalikuwa mawazo ya meneja wa uwanja, bwana wa tai nyekundu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitazama viti vitupu na kuumia moyo. Njia ya mbio ilizunguka uwanja mpana wa nyasi, na nyasi zile, alifikiri, zilikuwa zimekaa bure. Basi akawakodishia wanachama wa klabu ya magari ya zamani waje kufanya maonyesho yao siku hiyohiyo ya mbio. Wapenda farasi wataona magari, wapenda magari wataona farasi, na wote watanunua soda. Kwenye karatasi lilikuwa jambo la busara. Kwenye nyasi, ilikuwa kama kuwaalika mawifi wawili wapike kwenye sufuria moja.

Saa mbili haijatimia, bwana wa gari jekundu, lililoinama hadi kukaribia kulamba ardhi, alikuwa amekanyaga mavi ya farasi kwa kiatu cheupe.

"Mama, mnyama wako amechafua njia."

"Hajachafua, baba. Amekuonyesha pa kupita. Wewe hukusoma."

"Unajua hili ni gari gani? Hili lina nguvu za farasi mia na ishirini."

Bi Hatamu aliinama, akalichungulia kwa chini, akainuka.

"Mia na ishirini," alisema. "Na wote wamelala."

Watunza farasi wakacheka. Bwana wa gari jekundu akajipangusa kiatu kwenye nyasi, na kuanzia hapo kila upande ukawa na lake la kulalamikia: hawa moshi, wale samadi, hawa makelele, wale nzi. Hadi meneja akapanda jukwaani na kipaza sauti, akasoma masharti ambayo kila mwenye gari alikuwa ameyatia sahihi getini.

"Farasi wakiwa kwenye njia ya mbio: kwanza, ni marufuku kuwasha injini. Pili, ni marufuku kupiga honi. Tatu, ni marufuku kufungulia muziki. Atakayekiuka atatolewa nje, yeye na gari lake. Asanteni, na soda ni baridi."

Kesho alikuwa ametoka kuogeshwa. Bi Hatamu alikuwa anamrudisha kwa njia ya pembeni ya nyasi, naye Kesho anafuata kwa mwendo wake wa siku zote, shingo chini, kama gunia lililojifunza kutembea. Hapo ndipo, kutoka safu ya mwisho kabisa karibu na vyoo, mtu mmoja alipofungua mlango wa nyuma wa pikapu yake.

Kwanza ikalia minyororo: shakara, shakara. Kisha bawaba zikapiga yowe kama mtu aliyebanwa kidole. Kisha mlango wenyewe ukaanguka: pwaa.

Kesho akasimama. Masikio, ambayo kwa miaka miwili yalilegea kama soksi zisizo na mpira, yakainuka yote mawili. Kisha akaondoka. Bi Hatamu alikuwa ameshika kamba, na kamba ikawa imemshika yeye. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, ni yeye aliyemfuata farasi, na alimfuata kwa mbio, kati ya boneti zilizoinuliwa na viti vya kukunja, huku akisema "samahani, samahani jamani" kulia na kushoto, na watu wakiokoa vikombe vyao vya chai.

Kesho hakutazama gari lolote lingine. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye pikapu ya rangi ya bahari, iliyong'arishwa hadi mawingu yanaonekana ubavuni mwake, akaingiza kichwa nyuma, ambako kulikuwa kumetandikwa kitambaa cheupe na kuwekwa shada la maua. Akanusa. Akaanza kula maua.

"Mtoe," alisema mwenye pikapu. "Mama, mtoe, tafadhali. Hili si gari la kusogelewa hivi. Hili lilikuwa la balozi."

Bi Hatamu alimtambua. Alikuwa kinyozi, huyuhuyu aliyemnyoa mume wake kila mwisho wa mwezi, mtu mwembamba, mwenye maneno ya kutosha wanaume wawili; ndiyo maana yeye na mshona viatu walipatana. Lakini macho ya Bi Hatamu hayakukaa kwa kinyozi. Yalikuwa kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, ukingoni, ambako chini ya rangi mpya palionekana mabonde matatu madogo. Mabonde ya meno. Aliyajua mabonde yale, hata farasi aliyeyaweka alimkumbuka.

"Balozi yupi?" aliuliza taratibu.

"Balozi wa zamani. Alikuwa akiendea karamu."

"Alikaa mbele au nyuma?"

"Mbele, bila shaka."

"Nauliza kwa sababu nyuma nakumbuka nini kilikuwa kinakaa." Akamsogelea na kuteremsha sauti. "Kinyozi, inua hicho kitambaa, kona ya kushoto. Kuna tundu la kuingia kidole. Nililitoboa mwenyewe, kwa uma wa kuzolea samadi."

Kinyozi akatazama nyuma. Mwenyekiti wa klabu, mzee wa kofia nyeupe, alikuwa magari matatu tu kutoka pale, anaandika kwenye daftari lake la alama.

"Punguza sauti, mama."

"Sauti yangu ni ndogo. Mvua ikinyesha bado inanuka, sivyo?"

Kinyozi akainyoosha kona ya kitambaa.

"Kidogo," alikiri. "Siku za unyevu."

Kwa miaka kumi na saba pikapu ile ilikuwa ya mazizi. Iliingiza majani na shayiri, ikatoa samadi. Kila alfajiri iliegeshwa mwisho wa njia ya mazoezi, na farasi walipokata kona ya mwisho mlango ule uliangushwa, pwaa, na kila mnyama akajua kwamba kifungua kinywa ni cha atakayewahi. Siku za mashindano ilikuja uwanjani na chakula cha siku, ikasimama mbele kidogo ya nguzo ya mwisho, ikafunguliwa vilevile. Ni Bi Hatamu mwenyewe aliyekwenda ofisini kuomba iuzwe. Alisema kelele zake zinawashtua vitoto vya farasi, na kusema kweli zilimshtua na yeye, kwa kuwa asubuhi alipenda kimya. Wakaiuza, wakaleta mkokoteni wa magurudumu ya mpira, usio na sauti kama paka.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu, miaka miwili iliyopita. Kesho alishinda mara ya mwisho mwezi wa pili.

Bi Hatamu aliihesabu miezi hiyo kwa vidole, pale pale, huku farasi akitafuna maua ya watu. Miaka miwili alikuwa ameutafuta ugonjwa kwenye kwato, kwenye damu, kwenye mapafu, na ugonjwa wenyewe ulikuwa unamtandikia majani kila asubuhi na kumwimbia nyimbo. Kesho hakuwa mvivu, wala hakuwa mzee. Alikuwa anafika mwisho wa njia bila haraka kwa sababu mwishoni hapakuwa na kitu.

"Kila kitu nimekitengeneza," kinyozi alikuwa ameanza kujitetea. "Injini, viti, taa. Huu mlango tu ndio umenishinda. Bawaba zake hazipatikani popote. Kila mwaka waamuzi wananikata alama kwa ajili ya kelele hii."

"Usiiguse kelele hiyo," alisema Bi Hatamu. "Naihitaji. Leo, saa tisa, mbio ya nne."

Akamweleza. Kinyozi alisikiliza kwa mikono miwili iliyoshika kichwa chake mwenyewe, kama anayetafuta pa kuanzia kunyoa.

"Masharti, mama. Nimetia sahihi."

"Injini hutawasha. Honi hutapiga. Muziki huna. Ulisikia mlango ukitajwa?"

Kinyozi alifikiri. "Sikusikia."

"Na mimi sikusikia."

"Na nikikataa?"

Bi Hatamu alimtazama mwenyekiti wa kofia nyeupe kwa namna ya mtu anayependezwa sana na magari.

"Sitakataa," alisema kinyozi.

Kulikuwa na tatizo. Pikapu ilikuwa kwenye vyoo, na nguzo ya mwisho ilikuwa upande wa pili wa uwanja. Mbio zilikuwa zimeanza, na kati ya mbio na mbio farasi walikuwa bado wanatembezwa kwenye njia. Kuwasha injini ilikuwa haiwezekani. Gari lile la kuendea karamu lilibidi lisukumwe.

Mshona viatu, aliyekuwa amemletea mke wake chakula cha mchana, aliwekwa kwenye taa ya kulia bila kuulizwa. Watunza farasi wawili wakaja. Bwana wa gari jekundu akaja pia, kwa udadisi kwanza, kisha akajikuta anasukuma kama wengine, maana ni vigumu kutembea kando ya watu wanaosukuma gari huku mikono yako iko mfukoni.

"Tunalipeleka wapi?" aliuliza katikati ya safari.

"Kivulini," alijibu kinyozi, aliyeshika usukani kupitia dirishani.

Bwana wa gari jekundu aliangalia kule mbele, kwenye jua kali, ambako hapakuwa na hata mwamvuli.

"Kivuli cha nani?"

"Sukuma, baba," alisema Bi Hatamu. "Kitakuja."

Wakaiegesha ndani ya nyasi, hatua thelathini kupita nguzo, mkabala na mwanya wa uzio ulioachwa kwa ajili ya gari la wagonjwa. Kisha Bi Hatamu akakimbia kumtandika Kesho.

Mpandaji alikuwa binti wa mdogo wake, msichana mwepesi kiasi kwamba watu walimwita Punje. Alikuwa tayari amevaa kofia ngumu na uso wa msiba.

"Mama mkubwa, nimempangia. Kona ya kwanza namshika ndani, ya pili nampa fimbo..."

"Fimbo iache hapa."

"Niache fimbo?"

"Ukisikia mlango wa ile pikapu yetu ya zamani umeanguka, shika nywele za shingo na usimwongoze."

Punje alimtazama shangazi wa farasi, maana ndivyo alivyomwita mama yake mkubwa akiwa na hasira. "Nisimwongoze. Mimi mpandaji."

"Yeye anaijua njia, mwanangu. Sisi ndio tuliopotea."

Mbio ya nne ilikuwa ya mita elfu moja na mia mbili, farasi wanane. Vizimba vilipofunguka, saba walitoka kama maharage yaliyopasuka kwenye mfuko. Kesho alitoka wa nane, akiwa amesimama kidogo mlangoni kutazama nje kukoje. Hadi kona ya kwanza alikuwa wa nane. Hadi kona ya pili alikuwa bado wa nane, na kati yake na wa saba ungeweza kuegesha lori. Jukwaani, daktari wa meno alishusha darubini yake, akaikunja kamba vizuri na kuirudisha kwenye mkoba.

"Sasa," alisema Bi Hatamu, aliyekuwa amerudi kwenye pikapu.

Kinyozi akafyatua komeo. Mlango ukaanguka.

Puf.

Ilikuwa sauti ya mto unaowekwa kitandani. Hakuna mnyororo uliolia, hakuna bawaba iliyopiga yowe. Kwenye njia hakuna sikio lililoinuka.

"Nini hiki?" aliuliza Bi Hatamu.

Kinyozi alivitazama vidole vyake mwenyewe. Kila alipokuja kwenye maonyesho, akifika tu karibu na waamuzi, mikono yake ilifanya yenyewe: ilifunga minyororo kwa vitambaa, ikaziba bawaba kwa pamba, ikatandika sponji ukingoni, ingawa waamuzi waliviondoa vyote kabla ya kukagua. Asubuhi ile alikuwa bado hajafanya hivyo. Lakini walipokwisha kuegesha, mwenyekiti alipita.

"Mazoea," alisema kwa sauti ndogo. "Sikujua hata nimefanya."

Wakati huo farasi walikuwa wanaingia kona ya mwisho. Kinyozi alianza kufungua fundo, na fundo lilikuwa la kinyozi, dogo na la kupendeza, lisilofunguka. Bi Hatamu alitumia meno. Hapo mkono mmoja ukapita katikati yao, umeshika kisu kifupi cha kukatia ngozi. Shwa, kitambaa cha kulia. Shwa, cha kushoto. Sponji ikatupwa, pamba ikachomolewa. Mshona viatu akarudisha kisu mfukoni.

"Inueni," alisema, na hilo lilikuwa neno lake la siku.

Wakainua. Wakaachia.

Shakara, shakara. Yowe la bawaba. Kisha pwaa, iliyovuka nyasi, ikagonga jukwaa na kurudi.

Punje alisimulia baadaye kwamba alihisi tandiko likiinuka chini yake kama sakafu ya lifti. Masikio mawili yalisimama mbele ya macho yake. Alikumbuka aliloambiwa, akashika nywele za shingo, na jambo la pili alilolifanya lilikuwa kufumba macho.

Kesho alimpita wa saba bila kumsalimia. Aliwapita wa sita na wa tano waliokuwa wanabishana juu ya upande wa ndani. Watu walianza kusimama, kwanza wapenda farasi, kisha wapenda magari, ambao walikuwa hawajui jina la yeyote lakini wanajua kitu kinachokwenda kasi wanapokiona. Wa nne, wa tatu. Zilipobaki hatua ishirini alikuwa sawa na wa kwanza, pua kwa pua. Angeshinda. Lakini farasi mwenye njaa haangalii nguzo. Alikuwa ameshaanza kugeuza shingo kuelekea kwenye pikapu, na kwa shingo hiyo iliyogeuka akawa wa pili.

Hakusimama. Alipita nguzo, akapita kwenye mwanya wa uzio, akaingia kwenye nyasi na kusimama mbele ya mlango wa nyuma, Punje akiwa bado juu, macho yamefumbwa.

"Tumefika?" aliuliza Punje.

Kesho aliingiza kichwa. Akakuta kitambaa cheupe. Akamgeukia Bi Hatamu, akamtazama kama mteja aliyeagiza chakula saa nzima iliyopita.

Bi Hatamu alikuwa mjanja kwa watu, lakini hakuwahi kumdanganya mnyama. Akatoa chini ya kiti cha pikapu ndoo ya shayiri aliyoificha mapema, akaimwaga yote juu ya kitambaa cha balozi. Kinyozi alitazama pembeni.

Mwamuzi mkuu wa mbio alifika akihema, na nyuma yake meneja, na nyuma ya meneja mkufunzi wa farasi wa tatu aliyetaka haki itendeke.

"Injini iliwashwa?" aliuliza mwamuzi.

"Haikuwashwa," alisema bwana wa gari jekundu, ambaye mabega yalikuwa bado yanamuuma. "Mimi ni shahidi. Nimelisukuma."

"Honi?"

"Hapana."

"Muziki?"

Watu walitazamana. "Inategemea na mtu amelelewa wapi," alisema mmoja.

Mwamuzi alichukua karatasi ya masharti kutoka kwa meneja, akaisoma upande wa mbele, akaigeuza na kuisoma upande wa nyuma, ambao ulikuwa mtupu.

"Mlango wa nyuma haukutajwa," alisema hatimaye.

"Tutautaja," alisema meneja, na kweli, masharti ya mwaka uliofuata yalikuwa manne.

Shida ya mbio ilikuwa imekwisha. Ya kinyozi ndiyo kwanza ilikuwa inakuja, imevaa kofia nyeupe.

"Kinyozi," alisema mwenyekiti wa klabu, "huyu farasi analijua gari lako."

Kesho aliendelea kutafuna. Bi Hatamu alifungua kinywa. Alikuwa tayari kuapa kwamba balozi yule alifuga farasi, kwamba alikuwa anawapeleka karamuni. Deni la ukarimu hulipwa hata kwa uongo. Lakini kinyozi alikuwa anaitazama shayiri juu ya kitambaa.

"Lilikuwa gari la samadi," alisema. "Miaka kumi na saba. Balozi nilimtunga mwenyewe."

Mwenyekiti alilisogelea gari. Alipiga goti moja mbele ya mlango, akayapapasa mabonde matatu ya meno, akautikisa mnyororo, akasikiliza bawaba.

"Yaani mlango huu ni wake? Haujabadilishwa?"

"Sikupata mwingine."

"Na kelele hii ni ileile iliyokuwa nayo zamani?"

"Ileile," alisema Bi Hatamu. "Kama humwamini, muulize shahidi." Akaonyesha kwa kidevu.

Mwenyekiti alimtazama Kesho kwa heshima. Kisha akafungua daftari, na wanachama wa klabu wakakusanyika, maana katika klabu ile balozi ni hadithi tu, lakini kitu cha asili ni kitu cha asili. Alifuta alama zilizokatwa.

"Miaka miwili tunakukata kwa ajili ya kelele," alinung'unika, "kumbe kelele ndiyo kitu halisi ulicho nacho."

Daktari wa meno aliteremka jukwaani polepole.

"Wa pili," alisema.

"Ulisema hata wa saba."

"Nilisema. Neno ni neno, anabaki." Alimtazama farasi wake akilamba kona za gari la watu. "Ila niambie, Bi Hatamu. Nimelipia vipimo vyote vya dunia. Ulimfanya nini?"

"Ni mambo ya meno tu, Daktari. Nilimpa sababu ya kuyatumia."

Daktari akacheka, na Bi Hatamu akaona kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote ile, kwamba meno ya mbele ya daktari yalikuwa yamepandana. Akamtunzia siri hiyo nayo.

Jumatatu, bwana wa mchanga hakuja. Alfajiri Bi Hatamu alikuwa mwisho wa njia ya mazoezi na ule mkokoteni wake wa kimya, akiwaza atapata wapi chuma cha kuangusha, aliposikia injini inayonguruma vizuri. Pikapu ya rangi ya bahari iliingia getini, ikageuka, ikaegeshwa pale pale ilipozoea. Kinyozi alishuka akiwa amevaa koti lake la kazini. Nyuma alikuwa amebeba marobota mawili ya majani, yametandikiwa kitambaa cheupe kipya.

"Nimepita tu," alisema.

"Kibanda chako kiko upande ule, kinyozi."

"Nilikosea njia."

"Ukaangukia kwenye marobota ya majani."

"Hutokea," alisema kinyozi, akaweka mkono kwenye komeo. Minyororo ilikuwa wazi, haina kitambaa. "Niangushe?"

Bi Hatamu alitoa pamba mfukoni, akaziba sikio moja. La pili aliliacha. Kule mbali, Punje na Kesho walikuwa wanakaribia kona ya mwisho, shingo ya farasi ikiwa chini, macho yakitembea huku na huku. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa kifuani kama kawaida. Akaunyoosha.

"Bado," alisema. "Bado, bado. Haya, angusha."